Sanamu, jengo jipya, jengo kongwe au sanaa ya mikono: kamati yenu ichague nini?

Toa noti mfukoni uzitazame. Noti za Kenya zilizotoka 2019 zote zina jengo moja, KICC, lile jumba refu la mviringo katikati ya Nairobi. Noti za Uganda zina sanamu ya mama aliyemwinua mtoto. Noti yetu ya shilingi 2,000 ina Ngome Kongwe ya Unguja, iliyojengwa zaidi ya miaka 250 kabla ya jina Tanzania kutungwa. Ni majirani watatu waliopata uhuru wakifuatana kati ya 1961 na 1963, na kila mmoja alipotafuta sura ya kujitambulisha alishika kitu chake: huyu jengo jipya, huyu sanamu, huyu ukuta wa kale.

Swali hilohilo huziangukia kamati ndogo kila mwaka. Halmashauri ina fungu la kupamba kipilefti. Shule inatimiza miaka 50. Wilaya mpya imemegwa kutoka kwa wilaya mama na inataka alama yake yenyewe. Basi wajumbe wanagawanyika: mmoja anataka sanamu, wa pili ukumbi, wa tatu anakumbusha kwamba kuna boma la Mjerumani linaporomoka pale nyuma ya soko, na kijana wa kiti cha mwisho anasema wapeni wachoraji ukuta. Niliwahi kukaa kwenye kikao cha namna hiyo. Tulimaliza soda, ajenda hatukuimaliza. Nayaandika haya kwa ajili ya wajumbe wenzangu wa kesho.

Mpime kwa vipimo gani

Kabla ya kutaja jina la fundi yeyote, kubalianeni maswali matano, kisha kila pendekezo lijibu yote matano.

Ujumbe: mtu asiyesoma kibao ataelewa nini akipita? Matumizi: siku ya kawaida, tuseme Jumanne saa nne asubuhi, kitu hiki kinamsaidia nani? Mikono: nani anakitengeneza, na hela inabaki wapi? Matunzo: mwaka wa kumi, ufunguo na ufagio viko kwa nani? La mwisho ni siasa: upepo ukigeuka, kitasimama?

Kwa maoni yangu swali la matunzo ndilo zito kuliko yote, na ndilo linaloulizwa mwisho, watu wakiwa tayari wameshika mikoba yao. Nyinyi mnaweza kulipanga vingine.

Sanamu na mnara

Ujumbe. Sanamu nzuri husema haraka kuliko kitu kingine chochote kwenye orodha hii. Ile ya kwenye noti za Uganda ilichongwa na Gregory Maloba, mzaliwa wa magharibi ya Kenya aliyefundisha sanaa Makerere, kwa ajili ya uhuru wa 1962. Mama amezungushiwa vitambaa mwilini kama mtu aliyekuwa amefungwa, na mtoto yuko juu, mikono angani. Hamna sura ya kiongozi, hamna nembo ya chama. Hata mtoto wa chekechea anaielewa. Mfano mwingine ni mnara wa Mau Mau wa Uhuru Park, Nairobi, wa 2015: mwanamke anampa mpiganaji chakula, na wote wawili wametazama pembeni ili mmoja akikamatwa asiweze kumtaja mwenzake. Historia nzima ya vita vya msituni imo kwenye zile shingo mbili zilizogeuka.

Sanamu ya mtu maarufu ina mtihani wake. Watu waliomjua wakiisogelea, neno la kwanza ni "mbona hafanani?" Na utani huo ukishaanza, hauishi.

Matumizi. Machache, ila si bure. Dar es Salaam watu wanapeana miadi "pale Askari" bila kujua sanamu ile iliwekwa na Waingereza 1927 kuwakumbuka Waafrika waliokufa katika Vita Kuu ya Kwanza. Kielekezi cha mji nacho ni kazi.

Mikono. Hapa tofauti ni kubwa mno. Dedan Kimathi aliyesimamishwa Nairobi 2007, miaka 50 baada ya kunyongwa, alifinyangwa na Mkenya, Kevin Oduor. Mnara wa Dakar wa 2010, wenye urefu wa mita 49, ulijengwa na kampuni ya Korea Kaskazini, na Wasenegali walibishana sana kuhusu gharama yake na hata kuhusu mavazi ya watu waliochongwa. Kadiri sanamu inavyokua, ndivyo inavyowaponyoka mafundi wa nyumbani.

Matunzo. Rahisi, mradi msiongeze chemchemi. Naujua mji mmoja, sitautaja, ambao kipilefti chake kina samaki wa saruji waliotakiwa kutema maji. Walitema wiki ya uzinduzi. Sasa wanatazama mbingu midomo wazi, na mbuzi wanapumzika ndani ya bwawa.

Siasa. Hatari tupu. Accra walimwangusha Nkrumah wa shaba 1966, siku za mapinduzi. Leo anaonyeshwa kwenye bustani ya kaburi lake akiwa hana kichwa, kichwa chenyewe kimewekwa kando. Pale alipo Askari wetu wa Dar, zamani alikuwepo Mjerumani Hermann von Wissmann. Waingereza walipouteka mji 1916 wakamwondoa. Askari aliyewekwa baadaye amewaona Waingereza nao wakiondoka, na hakuguswa. Nadhani kilichomwokoa ni kwamba hana jina: kila mpitaji anaweza kumwita babu yake.

Inawafaa wenye fungu dogo, eneo la wazi linaloonekana kutoka mbali, na jambo moja la kusema. Haiwafai wanaotaka kumfurahisha mtu aliye madarakani sasa hivi.

Jengo jipya

Ujumbe. Jengo husema taratibu, kwa umbo lake na kwa nani anaruhusiwa kuingia. KICC ilibuniwa na Karl Henrik Nøstvik kutoka Norway pamoja na David Mutiso, miongoni mwa wasanifu majengo wa kwanza Wakenya. Ina ghorofa 28 na mita 105, na pembeni yake kuna ukumbi wenye paa la pembe kali ambalo wengi hulifananisha na msonge. Ilifunguliwa 1973, mwaka ambao Nairobi ilipokea mkutano wa Benki ya Dunia. Nchi ya miaka kumi ilikuwa inawaambia wageni: karibuni, tuna mahali pa kuwakalisha.

Mfano ninaoupenda zaidi ni soko la Kariakoo, kazi ya Beda Amuli, lililofunguliwa 1975. Amuli aliweka miavuli mikubwa ya zege inayokinga mvua na kuyashusha maji yahifadhiwe chini. Mwenye kulitazama huona miti mikubwa ya gulio la kijijini, imegeuzwa zege. Hakuna kibao kinachosema "huu ni Uafrika". Mama ananunua dagaa wake na kivuli kinamwangukia, basi.

Unguja baada ya Mapinduzi ya 1964 walijibu kwa namna nyingine. Majumba marefu ya Michenzani, yaliyojengwa kwa msaada wa Ujerumani Mashariki katikati ya Ng'ambo, yalikuwa tamko: wale walioishi vibandani nyuma ya Mji Mkongwe sasa watakaa ghorofani. Wengine wanayaona hayana sura ya pwani hata kidogo. Nami nayaona hivyo. Lakini mtu aliyepewa ufunguo wa nyumba yenye bomba ndani, sura ya pwani atakuuliza wewe uliyezaliwa nayo.

Halafu kuna Ikulu ya Chamwino, Dodoma, iliyozinduliwa 2023. Imefanana na Ikulu ya Dar es Salaam, ambayo Waingereza waliijenga miaka ya 1920 kwa matao ya kipwani. Kwa hiyo makao makuu mapya yamekopa uso wa zamani. Mnaweza kuliita jambo hilo mwendelezo au woga; kwenye kamati yenu mtapata wa upande huu na wa upande ule, na afadhali wabishane kabla ya mkandarasi kuja.

Matumizi. Hapa jengo linashinda kwa mbali. Watu wanafanya mkutano, wanafunga ndoa, wanauza nyanya.

Mikono. Fedha ni nyingi na huenda kwa wachache. Kamati iweke sharti mapema: msanifu wa ndani awe na sauti ya kweli, na milango, vigae na samani vitoke kwa mafundi wa hapo hapo.

Matunzo. Ghali, bila kikomo. Bomba, umeme, paa. Kariakoo iliungua Julai 2021, na serikali ikalazimika kuanza ukarabati mkubwa. Kama bajeti yenu inaishia siku ya kukata utepe, msijenge.

Siasa. Jengo linalotumika hubadili mwenye nyumba bila kubadili maana. KICC ilianza kama makao makuu ya KANU. 2003, chama kilipokuwa kimeshaondoka madarakani, serikali mpya ikaichukua. Na Katiba ya 2010 ilipokataza sura ya mtu kwenye fedha, Kenyatta akatoka kwenye noti, jengo likabaki. Ajabu ni kwamba Kenyatta wa shaba bado amekaa kwenye kiti chake pale uani.

Linawafaa wenye uhitaji halisi wa ukumbi, soko au maktaba, na chanzo cha mapato cha kudumu.

Jengo kongwe

Ujumbe. Hapa ndipo pagumu, kwa sababu ukuta mkongwe unazungumza sauti nyingi kwa pamoja. Ngome Kongwe ilijengwa na Waomani baada ya kuwatoa Wareno. Jumba la Beit al-Ajaib lilijengwa 1883 na Sultan Barghash. Kwa mmoja ni fahari ya ustaarabu wa pwani. Kwa mwingine, ambaye bibi yake aliletwa Unguja kwa nguvu, ni nyumba ya bwana. Mabomba ya maji na meza ya katibu tarafa ndani ya boma la Mjerumani huko bara havifuti swali hilo: tunalihifadhi kwa sababu ni letu, au kwa sababu ni imara?

Jibu zuri nililoliona ni la Ngome yenyewe. Ndani ya uwanja wake kuna jukwaa la wazi, na wanamuziki wa tamasha la Sauti za Busara wamepiga muziki pale mwaka baada ya mwaka. Kijana aliyecheza ngoma ndani ya ngome usiku kucha hawezi tena kuiona kama mali ya wafu.

Matumizi. Mengi, lakini kwa masharti. Vyumba vya Mji Mkongwe ni vyembamba kwa sababu boriti za mikoko zina urefu wake. Ukitaka ukumbi wa watu 300, nyumba ile haitakupa.

Mikono. Hela inakaa kwa mafundi, kama bado wapo. Kuta ni za matumbawe na chokaa, na fundi aliyezoea saruji ndiye adui wa kwanza. Akipiga plasta ya saruji juu ya chokaa, unyevu unanaswa ndani, ukuta unaoza taratibu huku nje unang'aa. Muulizeni kwanza fundi anavyochoma na kuloweka chokaa chake. Akicheka, mtafuteni mwingine.

Matunzo. Kuchelewa kunaua, na neno hilo silitumii kwa mapambo. Tarehe 25 Desemba 2020 sehemu ya Beit al-Ajaib iliporomoka wakati wa ukarabati na watu wawili wakafa. Ilikuwa katikati ya Mji Mkongwe, ambao UNESCO iliuingiza kwenye urithi wa dunia tangu 2000. Cheti hakishiki dari.

Linganisheni na makaburi ya Kasubi, Kampala. Jumba lile la nyasi liliungua Machi 2010. Kilichosaidia ni kwamba Buganda kazi ya kuezeka ni ya ukoo wa Ngeye, inarithiwa; watu wenye ujuzi walikuwepo, na wajibu ulikuwa na jina. Mwaka 2023 UNESCO iliyaondoa makaburi hayo kwenye orodha ya urithi ulio hatarini. Jengo lililoungua lote limerudi. Jumba la mawe na chuma, lenye vyeti vyote, likaporomoka. Nani anawajibika ni swali linalotangulia lile la nguvu za ukuta.

Siasa. Limeshaona tawala nyingi kuliko nyinyi.

Linawafaa wenye jengo tayari, wenye subira, na walio tayari kuandika kwenye kibao mambo machungu pamoja na matamu.

Sanaa ya mikono: michoro na vinyago

Ujumbe. Wamakonde waliovuka Ruvuma kutoka Msumbiji walileta ustadi wa kuchonga kwa mikono yao. Roberto Yakobo Sangwani ndiye anayetajwa kuanzisha mtindo wa watu waliopandana kwenye gogo moja. Inasimuliwa kwamba mwanzo uliitwa dimoongo, ukionyesha mshindi wa mieleka akibebwa na wenzake. Nchi ilipotangaza Azimio la Arusha 1967, kinyago kile kikaonekana kama kimechongwa kwa ajili yake, kikaitwa ujamaa. Mara nyingi dola huamuru wasanii. Hapa dola ilikuta wasanii wameshafika.

Edward Saidi Tingatinga alianza kuchora kiasi cha 1968, Dar es Salaam, kwa rangi za baiskeli juu ya mbao za kubandika dari. Alifariki 1972 kwa risasi ya polisi waliomfananisha. Miaka minne tu ya kazi, na jina lake likawa jina la mtindo mzima.

Sasa pembeni kidogo, maana jambo hili linanisumbua. Wanunuzi wa kwanza wa Tingatinga walikuwa hasa wageni waliokaa Oysterbay. Wakati huohuo Lubumbashi, Kongo, miaka ya 1970, watu wa kawaida walinunua picha za kutundika sebuleni kwao na kuziita kwa Kiswahili chao ukumbusho: Lumumba, viboko vya Mbelgiji, vita vya Katanga. Tshibumba Kanda Matulu alichora zaidi ya picha 100 akisimulia historia ya nchi yake tangu mwanzo. Twiga wetu wa Tingatinga alikwenda Ulaya kwenye begi. Lumumba wao alibaki ukutani, mtoto anauliza, baba anaeleza. Kama lengo lenu ni utambulisho, jiulizeni picha itatundikwa kwa nani.

Matumizi. Ukuta wa shule wenye historia ya kata ni somo lisilohitaji kitabu.

Mikono. Hakuna chaguo linaloacha fedha nyingi zaidi mtaani. Ila msinunue nakala: mkisema tu "chora kitu cha Kiafrika" mtaletewa Mmasai na machweo. Wapeni wachoraji wazee wa kusikiliza, wiki mbili, na malipo ya wiki hizo.

Matunzo. Rangi ya nje hufifia, na mpingo ukiachwa juani hupasuka, kwa hiyo kinyago kikae ndani. Mchoro unahitaji kurudiwa kila baada ya miaka michache. Shuleni hilo ni faida: kila kizazi cha wanafunzi kinapata zamu yake.

Siasa. Ndoo moja ya chokaa inafuta kila kitu. Vinyago na picha za majumbani, kwa upande mwingine, hakuna awezaye kuviangusha vyote.

Inawafaa shule, vituo vya afya, masoko madogo, na vyama vya ughaibuni visivyo na kiwanja lakini vina kuta.

Kwa hali yenu

Kama mna fungu la mara moja na hamna bajeti ya mwaka ujao, jengo jipya liondoeni mezani leo. Chagueni sanamu isiyo na sura ya mtu, au michoro.

Kama ni wilaya mpya na watu hawana pa kukutania, jengeni soko au ukumbi, lakini tengeni sehemu ya fedha kwa wachongaji wa milango na wachoraji wa ndani tangu kwenye mchoro wa kwanza. Ikiachwa hadi mwisho, hukatwa.

Kama kuna jengo kongwe ambalo wazee wanagombana juu yake, ugomvi huo ni dalili kwamba bado lina maana. Anzeni na paa tu, maji yasiingie. Kitu cha kuweka ndani mtabishana kukiwa kukavu.

Kama ni kumbukumbu ya watu waliokufa, ajali au vita, familia zao zisikilizwe kabla ya msanii. Majina yaandikwe sahihi. Jina lililokosewa kwenye jiwe ni jeraha la pili.

Kama mpo ughaibuni, tumieni Kiswahili kwenye maandishi na kitu ambacho mtoto aliyezaliwa huko anaweza kukishika. Mnara hamtaruhusiwa kuujenga, na kinyago kimoja kizuri kwenye ukumbi wa chama kitahadithiwa zaidi.

Na kama mmegawanyika nusu kwa nusu, msipige kura bado. Tengeni siku moja ya soko, wajumbe wote mkakae kwenye eneo lenyewe tangu asubuhi hadi jua linapozama. Hesabuni nani anapita, anaketi wapi, kivuli kiko upande gani saa saba, maji ya mvua yanakwenda wapi. Sisi hatukufanya hivyo. Uwanja wetu hadi leo una nguzo nne, kamba, na bango lililofifia linalosema Eneo la Mradi. Chini ya bango, upande wenye kivuli, muuza machungwa ameshafungua biashara.